Kanzu ya Maalim na Ushahidi wa Mungu Mmoja

Temeke, alasiri

Mwanangu Zuhura,

Salamu zangu utazipata kesho kwa mdomo, kwa hiyo hapa naziruka, niingie kwenye lililonikalisha.

Nakuandikia nikiwa dukani, juu ya meza ya kukatia nguo. Mama yako yuko nyumbani anafunga sanduku lako. Analifunga, anakumbuka kitu, analifungua tena. Habari za kula vizuri, za kujikinga na baridi ya bara, za kutozoeana na kila mtu kwenye treni, zote kazimaliza yeye, na alizosahau atakuambia kesho stesheni, kwa sauti, mbele za watu. Mie nimeachiwa jambo moja tu, lile swali lako la juzi.

Juzi tukiwa tunakula uliuliza, "Hivi baba, tunajuaje kama Mungu yupo? Na tunajuaje kama ni mmoja?" Babu yako akaweka tonge chini. Mama yako akasema, "Kula." Na mie nikacheka. Niliona uso wako ulivyobadilika, na tangu siku ile hujaniuliza kitu kingine, hata saa ngapi hukuniuliza. Mwanangu, sikukucheka wewe. Nilicheka kwa sababu swali hilohilo ndilo lililonioza mama yako, na kabla ya hapo nusura linikoseshe. Babu yako naye hakukasirika. Alikuwa anatafuta aanze na hoja ipi, na mama yako anamjua baba yake, akaona wali utapoa.

Mjukuu wa Maalim Bakari hawezi kuondoka na swali kama hilo bila kujua lilivyoingia nyumbani kwetu. Lililetwa na Bwana Natani.

Wewe unamjua Bwana Natani wa sasa, yule mzee wa Kinondoni mwenye kofia ya majani anayekuletea ndizi. Mie nilimjua alipofika. Ni Myahudi. Kwao Ulaya alikuwa mwalimu, anafundisha vijana vitabu vya wanazuoni wao wa kale. Halafu watawala wa kule wakaanza kuwaandama Mayahudi, shule ikafungwa, akakimbia, meli ikamteremsha hapa. Hapakuwa na mtu mjini aliyekuwa anatafuta mwalimu wa vitabu hivyo. Bahati yake baba yake alikuwa fundi wa mashine, naye akajua kutengeneza cherehani. Akawa anazunguka na baiskeli, Kariakoo, Kinondoni, hadi huku Temeke ambako siku zile Mzungu akionekana watu waliuliza kaja msiba wa nani.

Tulimwita Bwana Sababu. Kiswahili chake alikisoma kitabuni, kimesimama wima kama askari wa gwaride, na kila ukimwambia jambo anauliza, "Je, sababu yake ni ipi?" Ukimwambia uzi unakatika, sababu yake ni ipi. Ukimwambia umechelewa, sababu yake ni ipi. Ami yako Shomari alimwambia siku moja kwamba kaachwa na mke, na Bwana Natani akauliza hilohilo, wakakaa kwenye sababu mpaka adhuhuri.

Shomari na mie tulikuwa na cherehani moja. Tumekua pamoja, tumejifunza ushonaji kwa fundi mmoja, tukafungua duka hili pamoja. Yeye anashona asubuhi mie nakata, mchana tunabadilishana. Na kwa dini zilizotuzunguka tulikuwa watu wa raha. Ijumaa tunafunga kwa ajili ya sala, Jumamosi Bwana Natani hagusi bisibisi hata cherehani ife kabisa, Jumapili wateja wetu Wakristo wako kanisani. Shomari alikuwa akisema dini ni neema kubwa, zikiongezeka mbili tu hatutafanya kazi kabisa.

Siku moja Bwana Natani kachuchumaa chini ya cherehani anatia mafuta, Shomari akamuuliza kama kwao Mayahudi wanamjua Mungu. Alitoka chini pale na mafuta puani.

"Tazama sindano," akasema. "Inakwenda juu na chini. Nani anaisukuma?"

"Gurudumu," nikasema.

"Na gurudumu?"

"Mkanda. Na mkanda unavutwa na gurudumu la chini, na hilo linasukumwa na kanyagio, na kanyagio linasukumwa na mguu wa Shomari."

"Vyema. Na mguu wa Shomari?"

"Njaa," akasema Shomari.

Bwana Natani hakucheka. Aliliandama. Njaa inatokana na nini, na hicho kinatokana na nini. Akasema, kama kila kinachosukuma nacho kimesukumwa na kingine, na hicho na kingine, nyuma, nyuma, bila kufika mahali, basi sindano isingeanza kwenda hata kidogo. Na sindano inakwenda, tunaiona. Kwa hiyo lazima pawe na kimoja kinachosukuma bila kusukumwa. Akasema wanazuoni wao waliliandika hilo zamani sana, mmoja wao akiwa tabibu aliyeishi Misri, mtu wa kutibu wagonjwa mchana kutwa na kuandika hoja akipata nafasi.

Mwanangu, nilikuwa nimesali tangu utotoni na sikuwahi kufikiri kwamba jambo lile linaweza kushikwa kama kitambaa, ukaligeuza nje ndani ukaona mshono. Nilifurahi mno. Na mtu akifurahi mno anakuwa mjuaji. Ndipo matatizo yangu yalipoanza.

Wiki iliyofuata nikamuuliza, "Sawa, yupo wa kwanza. Lakini kwa nini awe mmoja? Kwa nini wasiwe wawili wanaoelewana, kama mie na Shomari?"

Akatutazama. "Nyinyi mnaelewana katika kila jambo?"

"Kila jambo," tukasema pamoja.

"Kama mnalingana katika kila jambo, bila tofauti hata moja, ni nini kinachowafanya muwe wawili? Na kama ipo tofauti, basi kila mmoja wenu ana vitu viwili ndani yake, kile mnachofanana na kile mnachotofautiana. Kitu chenye vipande kinahitaji aliyeviunganisha. Shati haliji bila fundi. Basi hao wawili nao wana fundi juu yao, na Mungu ni huyo fundi, si wao."

Hoja nzuri, mie leo naiona nzuri. Siku ile niliona anatutukana. Shomari akasema, "Sie tunaweza kushona nguo moja, kwa cherehani moja, wakati mmoja, na usijue nani kafanya nini." Bwana Natani akasema angependa sana kuliona hilo.

Na mezani palikuwa na kanzu. Ilikuwa kanzu ya Maalim Bakari, mwalimu wa chuo cha Kurani cha hapa jirani, ambaye binti yake Tatu nilikuwa namtazama kila anapopita mpaka mkasi unanipotea mkononi. Kitambaa kilitoka Unguja, kaletewa na mwanafunzi wake, aivae kwenye Maulidi. Nilikuwa nimekusudia niishone vizuri kiasi kwamba siku nikipeleka posa, Maalim akitazama mkono wa kanzu yake aone aibu kunikatalia.

Tukakaa kwenye kigoda kimoja, Shomari na mie, kila mtu nusu ya tako. Mguu wangu wa kulia na wake wa kushoto juu ya kanyagio. Mkono mmoja mmoja kwenye kitambaa. Bwana Natani kasimama, mikono nyuma, kama mtahini.

Mwanzo ilikwenda. Nakuapia ilikwenda, nikamtupia Bwana Natani jicho la ushindi. Halafu tukafika kwapani. Kwapani pana kona, na mie huipinda kona taratibu, Shomari huipitia mbio. Mguu wake ukaongeza, wangu ukazuia, gurudumu likarudi nyuma, mkanda ukaruka, na yeye anavuta kitambaa kushoto na mie nakivuta kulia, kila mtu anamwambia mwenzake "Acha!" na hakuna anayeacha. Tuliposimama, mkono mmoja wa kanzu umeshonewa ubavuni, na wa pili umeingia shingoni, shingo yenyewe imezibwa nusu.

Na Maalim kasimama mlangoni. Alikuja kujaribu.

Aliinyanyua kwa vidole viwili. "Hii nini?"

"Kanzu, Maalim."

"Kanzu ya nani? Ya pweza?"

Bwana Natani akajitokeza, akavua kofia. "Kosa ni langu, Maalim. Tulikuwa tunathibitisha kwamba Mungu ni mmoja."

"Mungu ni mmoja!" Maalim akasema. "Hapa Temeke kuna nani ana shaka hiyo mpaka ithibitishwe kwa kanzu yangu?"

Hapo Bwana Natani, badala ya kunyamaza kama mtu mwenye akili, akaanza kumweleza ile hoja ya vipande na muunganishaji. Kiswahili kikamwishia njiani, akahamia Kiarabu. Maalim akatoa macho. Wale wanazuoni wao, kumbe, wengi waliandika hoja zao kwa Kiarabu, waliishi kwenye miji ya Waarabu, wakanunua vitabu soko moja na wanazuoni wetu, na hoja zikavuka kutoka msikitini kwenda sinagogi na kurudi. Bwana Natani alijifunza Kiarabu ili awasome. Hakuwahi kukizungumza na mtu aliye hai. Na Maalim naye, Kiarabu chake kilikuwa cha vitabuni, mabaharia wa bandarini walikuwa hawamwelewi. Basi watu wale wawili wakakaa kwenye benchi langu, wanazungumza Kiarabu cha watu waliokufa zamani, na kila mmoja akitaja hoja mwenzake anapiga goti lake kwa furaha, anaimalizia.

Maalim akaondoka alasiri na kanzu yake ya pweza begani, uso umekunjuka. Alipofika kwake akakumbuka. Akarudi mpaka hapa kuja kukasirika, akakasirika vizuri sana, akaenda zake.

Kanzu tuliifumua na kuishona upya, Shomari akiwa amekaa mbali. Lakini mie ule ugonjwa wa hoja sikuupona. Bwana Natani akawa kila siku ya kuja huku anapita kwa Maalim, nami nikijipenyeza kusikiliza. Siku moja wakasema jambo lililonikaa. Bwana Natani alisema, kama Mungu ni mmoja kwelikweli, basi hata ndani yake hana vipande. Ukisema ana elimu, ana uwezo, ana uhai, kama mtu anavyokuwa na kofia na bakora na viatu, umekwisha mgawa. Kwa hiyo yule tabibu wao wa Misri alishauri kwamba ni salama zaidi kusema asivyokuwa. Si mjinga. Si dhaifu. Si maiti. Kila ukiondoa kisichomfaa unasogea karibu. Maalim hakukubali yote, alisema wanazuoni wake wana maneno mengine hapo, wakagombana kwa raha kubwa. Mie nilirudi nyumbani nikijiambia, hii ndiyo namna ya kusifu kitu kikubwa.

Tatu akaja kuchukua kanzu, na shangazi yake. Nikamkabidhi, moyo unakwenda kama cherehani isiyo na mtu wa kuizuia. Nikasema, "Tatu, mie siwezi kusema kwamba wewe ni mzuri."

Shangazi akasimama.

"Neno hilo halikufikii," nikaendelea. "Ninachoweza kusema ni kwamba wewe si mbaya. Si mvivu. Si mjinga. Si kilema."

"Eeh," akasema Tatu. "Si nini tena?"

Zikaniishia. Ikabaki ile moja ya mwisho. "Si maiti," nikasema.

Mama yako alinitazama tangu kofia mpaka vidole vya miguu. "Na wewe," akasema, "si mzima." Akachukua kanzu akaondoka. Kabla ya magharibi Temeke yote imekwisha jua, na kuna watu wazima mpaka leo nikipita wananiambia, "Fundi, si maiti?" nami naitikia.

Posa ilikuwa imekufa. Wazee wangu wakakataa kwenda kuniaibikia. Shomari akakataa, alisema uso wa Maalim anaukumbuka tangu siku ya kwapa. Akabaki Bwana Natani, akasema atakwenda yeye. Hebu fikiri mwanangu, mshenga wangu ni Myahudi wa Ulaya, kavaa tai, kafunga boksi la tende nyuma ya baiskeli. Mie nilikaa barazani nje, nasikia kila neno.

"Maalim," akasema, "kijana hakumtukana binti yako. Alimheshimu kupita kiasi. Maneno yale ndiyo wenye hekima huyatumia kumsifu Mwenyezi Mungu peke yake."

Sauti ya Maalim ikaja taratibu, "Yaani kamfanya binti yangu Mungu?"

"Hapana, siyo..."

"Hiyo ni shirki! Nilidhani mpumbavu tu, kumbe mshirikina!"

Nikaona nijiondokee mapema. Nilikuwa nimekwisha vaa kiatu kimoja ndipo nikasikia pazia la ndani linatikisika, na sauti ya Tatu. "Baba, muulize yule aliyejificha barazani. Asiniambie nilivyo, wala asiniambie nisivyo. Aseme mie nafanya nini. Kama ananiangalia kweli atajua."

Nikaingizwa ndani na kiatu kimoja. Maalim kanikazia macho. Sikuwa na hoja yoyote kichwani, hiyo ndiyo ilikuwa bahati yangu. Nikasema, "Ukipita asubuhi na ndoo, unamwagia maji kidogo ule mchicha wa Bi Nyange, kwa sababu mgongo wake haumruhusu kuinama, na yeye anafikiri ni umande. Maalim akisinzia chuoni, unawasahihisha watoto kupitia dirishani, kwa sauti ya chini, ili baba yako asiamke akaona aibu. Na ukicheka huko ndani mguu wangu unasimama kwenye kanyagio, Shomari anadhani mkanda umekatika."

Halafu Bwana Natani akaruka kitini. "Ndiyo njia ya pili ya kumsifu Mungu! Ndiyo hiyo! Tunajua matendo yake! Wameiandika!" Na Maalim, huku anajaribu kubaki amekasirika, akasema, "Hata kwetu imeandikwa." Wakaanza tena Kiarabu. Kuhusu posa hakuna aliyenijibu mpaka tende zilipoletwa, ndipo nikajua nimekubaliwa.

Ningeweza kuishia hapa, ucheke, upande treni. Lakini ungekuwa umepata nusu.

Vita vilipokwisha, wewe bado mdogo, habari za ndugu zake Bwana Natani zikamfikia. Mama yake na dada zake, waliobaki kule, waliuawa, na mji wao wote wa Kiyahudi pamoja nao. Akaja hapa dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, hakuuliza sababu ya kitu chochote. Shomari hawezi kustahimili kimya. Akamuuliza, kwa wema kabisa, "Bwana Natani, ile hoja yako ya sindano, bado imesimama?"

Nilitaka nimtupie mkasi. Bwana Natani akafikiri, kwa sababu hata siku ile ukimuuliza alikuwa lazima afikiri. Akasema, "Hoja imesimama. Mimi ndiye siwezi kusimama."

Kwao kuna sala ya kuwasomea waliokufa, na haisomwi ila mbele ya wanaume kumi wa Kiyahudi. Mjini hapa hawakupatikana kumi. Wale wachache waliopatikana wakaenda chumbani kwake Kinondoni, nasi tukaenda, babu yako, Shomari na mie. Bwana Natani akatuambia mlangoni, kwa haya, kwamba sheria yao haitatuhesabu.

"Tusihesabiwe," Maalim akasema. "Tutakaa tu." Akavua viatu, akaingia, akakaa chini.

Wenzake wakanong'onezana hapo, wao kwa wao. Sijui sheria ilisema nini mwisho wake. Najua Bwana Natani alisoma. Sala yenyewe, alinieleza baadaye, haimtaji maiti hata mara moja. Inamtukuza Mungu tu, tangu mwanzo hadi mwisho. Kila sauti yake ilipokwama tulisema amina, na Shomari akaisema hata pasipotakiwa, mpaka mzee mmoja wa Kiyahudi akageuka kumtazama, na Bwana Natani akacheka huku machozi yanamtoka. Babu yako hakutoa hoja hata moja siku ile. Mtu yule mwenye hoja kuliko nywele. Alikuwa kachemsha mayai, mama yako katafuta sufuria mpya isiyowahi kuingia nyama ili mwenzetu aweze kula, Maalim akawa anamenya yai moja moja anampa.

Sasa, uliniuliza tunajuaje. Hoja za Bwana Natani nimekuandikia kama nilivyozielewa, na nilivyozielewa ni kifundi-fundi. Yeye mwenyewe atakuwa stesheni kesho, muulize, ila muulize mapema kwa sababu treni haisubiri sababu. Huko chuo unakokwenda kusoma utakuta walimu wenye hoja za kuzipinga, nazo zitakuwa nzuri, usizidharau. Zigeuze nje ndani. Mie nilizozisikia zilinipa furaha ambayo sijaipata kwenye kitu kingine isipokuwa nyie watoto, na zilinifanya pia nimwambie mama yako kwamba si maiti. Zote mbili ni kweli, na sijui namna ya kukupa moja bila nyingine.

Ukipata hoja inayoshinda zote, niandikie. Ukipata inayobomoa zote, niandikie pia, tena haraka, na uandike kwa herufi kubwa maana babu yako atataka kuisoma mwenyewe, na atakaa wiki nzima ana furaha ya kuijibu. Na ikitokea siku huna hoja yoyote, ya huku wala ya kule, usitafute maneno ya kunipendeza. Niandikie hivyohivyo. Nimemuuliza mama yako kuhusu chumba chako, kwa sababu Shomari anataka kuweka humo majora ya vitambaa. Kasema hakiguswi, uwe unaamini, uwe una shaka, kitanda kitatandikwa kila Ijumaa.

Sasa katuma mtoto huku dukani kuniita, niende nikalie sanduku, halifungiki.

Mie baba yako mzazi,
Fundi Idi